Herufi Kubwa ya Bibi

Jumamosi, jua limeanza kulegea. Mvua ya asubuhi imeacha vichochoro vya Mkomani, hapa Amu, vikiteleza na nyumba nzima inanukia nguo zisizokauka. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Lakini moyo umetulia, na nataka kuandika ungali hivi, kabla sijapata jambo jingine la kulalamikia.

Shajara yangu, nilikunyima wiki nzima. Nilikuwa na hasira, na mimi nikikasirika huandika maneno ambayo siku ya pili huyafuta nikiona haya. Leo sina hasira na mtu. Hata na kompyuta.

Niruhusu nianze na Bibi.

Bibi ni mama yake mama. Amenilea katika nyumba hii hii, na kabla ya kuugua hakuna aliyehitaji kuuliza yuko wapi, maana sauti yake ilisikika kutoka darini mpaka kwenye daka la mlango. Alikuwa akigombeza paka, akiita wauza samaki, akimsalimu kila apitaye na kumuuliza habari za watu wake wote mpaka yule aliye safarini. Halafu baada ya Idi akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala wote, mkono na mguu, na ulimi ukafungika. Anasikia. Anaelewa kila kitu, na chai ikipoa anakukazia macho ukajua umekosa. Ila hasemi.

Kesho kaka yangu Athmani anampeleka Mombasa kwa matibabu. Hatujui atakaa huko muda gani. Lipo na jambo jingine tusilolijua, na hilo nyumbani hakuna anayelitamka.

Sasa nirudi nyuma kidogo. Miezi kadhaa kabla ya kiharusi, Khalati Zena, mdogo wake mama, alikuja kutoka Matondoni alikoolewa. Huko ana chekechea chake. Alikuja amejaa manung'uniko: watoto siku hizi wanamjia wakisema macho, njia na maji kama watu wa kwenye televisheni, na ukiwaambia mato, ndia na mai wanacheka. Alihofia Kiamu, lahaja yetu ya Amu, kitabaki kwa wazee na kwenye kasida peke yake. Basi akamkalisha Bibi chumba cha ndani, akafunga madirisha punda wa jirani wasiingie kwenye rekodi, akamrekodi kwa simu neno baada ya neno. Ito, yaani jicho. Ndia. Mai. Yua. Mtele. Kila neno faili yake, na kila faili akaipa jina mwenyewe.

Bibi hakuweza kusema neno moja akanyamaza. Si tabia yake. Kila baada ya neno aliongeza lake ambalo hakuna aliyemwomba. Kwenye "mtele", yaani mchele, alisema, "Mtele wa siku hizi hauna harufu." Kwenye "yua" alisema, "Ingiani ndani, yua kali."

Kazi yangu mimi ilikuwa kutengeneza programu. Ni kitu chepesi tu: kadi inatokea, ina picha, mtoto anabonyeza, Bibi anasema, mtoto anarudia. Niliifanya dukani, baina ya mteja wa kupiga chapa barua na mteja wa kutolewa picha ya pasipoti. Tuliifanya kama mchezo, kwa kumfurahisha Khalati.

Sasa hapo ndipo mahali pekee sauti yake ilipobaki.

Ndiyo maana Khalati Zena alipopendekeza kwamba kabla ya safari Bibi apelekwe Matondoni, akae mbele ya watoto, aisikie sauti yake ikisomesha na watoto wakiitikia, hakuna aliyepinga. Mama alimuuliza Bibi mwenyewe. Bibi akaitikia kwa kichwa, akaitikia tena kwa nguvu zaidi tulipochelewa kumjibu. Siku ikawa Jumamosi, kwa sababu Jumapili ni safari. Hapakuwa na siku nyingine ya kuahirishia.

Na mimi nilikuwa na uhakika. Programu ilikuwa inasema vizuri kabisa kwenye kompyuta yangu. Niliisikiliza yote, kadi baada ya kadi, nikalia kidogo kwenye "ndoo", yaani njoo, nikafuta macho, nikasema kazi imekwisha.

Kompyuta yangu ni ya Windows. Zile za chekechea ni za mtumba, alizileta mfadhili mmoja, na ndani yake mna Linux. Simu ya Khalati ni Android. Kwa hiyo ilinibidi niikompaili programu ileile mara tatu. Kwa wasioijua kazi hii: kukompaili ni kuyachukua maandishi niliyoyaandika mimi na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukiendesha, na kila mfumo unataka cha kwake, kama fundi anayeshona kanzu ya aina moja kwa vipimo vya watu watatu. Pamoja na programu kunakwenda mizigo yake, yaani picha, sauti na maumbo ya herufi. Sisi tunaiita rasilimali. Programu ikifika na mizigo isionekane, inafungua mdomo na hakitoki kitu.

Alhamisi nilikwenda Matondoni na kompyuta yangu begani, flashi mfukoni na kichwa juu. Nikaiweka programu kwenye kompyuta zote. Watoto wakajipanga kwenye mkeka. Nikabonyeza kadi ya kwanza.

Kimya.

Nikabonyeza ya pili, na ya tatu. Hata picha hazikutokea, ni vijisanduku vyeupe tu. Khalati Zena akanitazama, akaitazama kompyuta, akaniuliza, "Mbona haineni?" Aliuliza kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Kosa hilo la kwanza nililikamata upesi, niseme ukweli, na nilijivuna. Kwenye Windows njia ya kuifikia faili huandikwa kwa mkwaju, kile kistari cha mshazari, ulioinamia nyuma, na kwenye Linux mkwaju unainamia mbele. Nilikuwa nimeandika wa nyuma kila mahali kwa mazoea. Linux ilisoma anwani ile ikaona ni jina moja refu la ajabu, na faili yenye jina hilo haiko. Nikaigeuza mikwaju yote, nikakompaili upya palepale juu ya meza ya Khalati, nikabonyeza "ito". Bibi akasema, "Ito." Halafu akasema, "Funga mato ulale." Watoto wakapiga kelele za furaha na mmoja akafumba macho kweli kweli.

Nikabonyeza "mai", akasema. "Ndia", akasema. Nikabonyeza "mama".

Kimya tena.

Picha ipo na kitufe kinabonyezeka, lakini sauti hakuna. Nikaruka nikabonyeza "bibi". Kimya.

Kati ya kadi zote, kama kuna kadi moja ambayo Bibi angekaa pale aisubiri, ni hiyo. Nilijua alichosema mle. Nilikuwa nimekisikiliza nyumbani siku ileile asubuhi. Kukaa mbele ya watoto, jina lako linatokea kwenye skrini, halafu mashine inanyamaza kama ulivyonyamazishwa wewe mwenyewe! Nikaapa moyoni kwamba hilo halitatokea mbele ya macho yangu.

Niliomba ruhusa kuichukua kompyuta moja niende nayo Amu. Nikaifunga kwa leso mbili za Khalati isirukiwe na maji ya chumvi, nikaipakata kwenye boti njia nzima. Nahodha akaniuliza kama mtoto amelala.

Ijumaa nzima nilikuwa nayo. Dukani nilibandika karatasi mlangoni kwamba nimefunga, nikajifungia na feni. Kwanza nilidhani labda faili hizo zimeharibika wakati wa kuzinakili. Nikazinakili upya. Kimya. Nikadhani ni spika. Lakini spika zinasema "mtele" vizuri, kwa nini zikatae "mama"? Nikampigia Khalati ajaribu kwenye simu yake, akaniambia hata huko Mama hasemi. Basi si kosa la kompyuta za mtumba, nikajua. Kosa liko kwangu mahali fulani, na kwenye Windows halionekani.

Nikaamua kuikompaili kwenye ile mashine ya Linux yenyewe badala ya kuikompaili kwangu na kuihamishia huko, na nikaiamuru ihakikishe kila faili kabla haijamaliza. Hapo angalau ikaanza kunijibu. Ilikwenda kidogo, ikasimama. Faili ya "baba" haipo, ikaniambia.

Ipo, nikaijibu kwa sauti, peke yangu, kama mwendawazimu. Naiona. Ile pale kwenye folda.

Nikaiweka "baba" kando kwa muda nikaiambia iendelee. Ikasimama kwenye "babu". Nikaiweka kando. "Bibi". Kando. Ikapita "ito", ikapita "mai", ikasimama kwenye "mama". Kisha "mtele" ikapita bila neno, ikasimama kwenye "muungu".

Hapo nikadhani nimepata. Kadi ya Muungu haina picha, Khalati alitaka iwe nyeupe tupu, na ni haki yake. Nikafikiri labda programu inachanganyikiwa ikikosa picha. Lakini Baba ana picha, na Babu ana picha ya mkongojo na kofia. Haikuingia akilini. Nikaendelea, ikasimama kwenye "mwalimu".

Baba, Babu, Bibi, Mama, Muungu, Mwalimu. Nilianza kuhisi kitu, kama jina la mtu unayemjua lakini ulimi haulipati. Wote ni wa kuheshimiwa. Nikajiambia, Swabra, sasa unatafuta mafumbo kwenye mashine. Nikaiachia iendelee.

Ikasimama kwenye "punda".

Nikacheka, kisha nikakasirika. Fumbo langu zuri lote likavunjwa na punda. Nikaizima feni, sijui kwa nini niliizima, labda nilitaka kumwadhibu mtu na palikuwa na mimi tu. Adhana ya alasiri ikaniokoa. Nikaswali, na nikiri kwamba katika sijda nilimwomba Mola msaada wa faili za sauti. Naamini ameshasikia maombi madogo kuliko hayo.

Nilipomaliza, simu ikalia. Khalati Zena. Alikuwa ametulia kama kawaida yake. Miaka ya watoto wadogo imemwondolea haraka zote, nami haraka zote za ukoo wetu nimezirithi peke yangu. Nikamwambia, Khalati, bado kuna maneno hayasemi. Mtu mwingine angeniuliza ni yapi. Yeye aliniuliza:

"Ni nani wasonena?"

Nani. Kwake hayakuwa maneno.

Nikamtajia. Baba, Babu, Bibi, Mama, Muungu, Mwalimu. Nyuma yake nikasikia watoto wakicheza. Nikamwuliza polepole, Khalati, faili hizi uliziandika vipi majina?

"Niliandika kama yandikwavyo," akasema. "Ina la Mama niliandikeye kwa herufi ndogo? Na Bibi ni mamangu. Nimwandikeye?" Yaani jina la mamake angeliandikaje kwa herufi ndogo.

Nikaigeukia skrini. Baba, kwa B kubwa. Babu. Bibi. Mama kwa M kubwa. Faili zote nyingine, ito, mai, yua, kwa herufi ndogo. Nilikuwa nimezitazama siku mbili na sikuona, kwa sababu jicho la mtu ni kama Windows. Ukiita "bibi" na faili ikiwa "Bibi", Windows inakuletea tu, haijali ukubwa wa herufi. Linux inajali. Kwake yeye Bibi na bibi ni wawili mbalimbali, hawahusiani hata kwa ukoo, na ukimwita mmoja hatakuletea mwingine. Android vilevile. Mimi kwenye msimbo, yaani yale maandishi ya programu, niliandika yote kwa herufi ndogo, kwa mazoea ya shule, bila kufikiri.

Kumbe Linux na Khalati Zena ni wa dini moja.

"Na Punda, Khalati?" nikamwuliza. "Punda naye umemwandika kwa herufi kubwa."

Hapo akacheka kidogo, kama aliyekamatwa. "Yule amenitukulia mtele na mai tangu nilipokuya Matondoni," akasema. "Hata yeye ana haki yake."

Sijui mara ya mwisho nilicheka hivyo ni lini. Nilicheka mpaka mwenye duka la vitambaa akaja kugonga mlango kuuliza kama kuna heri. Nikamwambia heri tupu, hujui tu. Kisha nikalia, na kile kilio kilikuwa cha shukrani, kwa maana Bibi alikuwapo muda wote mle ndani ya folda. Hakupotea wala hakuharibika. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwita vibaya.

Sasa, dawa yake ni ya dakika moja na kila mwenye kazi hii anaijua: badilisha majina ya faili yote yawe herufi ndogo, usihangaike tena maishani. Ndivyo tunavyofundishwa. Ndivyo ninavyowafundisha wengine. Nikamwambia Khalati, usijali, nitayashusha yote yawe madogo, kisha itasema kila mahali.

Halafu akasema, "Swabra mwanangu, usimpunguze mamangu."

Hakusema kwa ukali. Lakini niliona kidole changu kiko juu ya kibodi, na faili iliyokuwa mbele yangu ilikuwa ya Bibi, na nilikuwa karibu kuifuta ile B. Ni herufi tu, ningejiambia hivyo wakati wowote mwingine. Lakini nilimfikiria Bibi aliyelala chumba cha ndani, ambaye mwaka huu umemwondolea sauti, hatua zake na mkono wake, na nikaona kwamba mimi siwezi kuwa wa kumwondolea hata hiki.

Nikatoa kidole.

Sikuyagusa majina. Niliurudia msimbo wangu, mahali pote palipowaita wale saba, nikawaandika kwa herufi kubwa: Baba, Babu, Bibi, Mama, Muungu, Mwalimu. Na Punda, kwa heshima ya mizigo aliyoibeba. Kisha nikaongeza hatua moja kwenye ujenzi wa programu, kwamba hata nikikompaili kwenye Windows yangu isiyojali, kila jina lilinganishwe herufi kwa herufi na faili yake, na likitofautiana kazi isimame palepale. Kompyuta ndiyo itakayofunzwa adabu, na mimi pamoja nayo.

Nikaikompaili mara tatu. Ikapita mara tatu. Nikaibonyeza kadi ya Bibi kwenye mashine ya Linux, na Bibi akasema alilosema. Sitaliandika hapa juu, nitaliandika mahali pake.

Stima ikakatika mara tu nilipomaliza. Nikasema alhamdulillah, hata stima ilikuwa na subira.

Leo asubuhi mvua ilitutia hofu, lakini ilikatika kabla maji hayajajaa. Athmani na mwenzake walimbeba Bibi kwenye kiti cha mbao mpaka kwenye boti, buibui lake limefungwa vizuri, na mama amemtia asumini kichwani kama anakwenda harusini. Mimi nilikuwa na ile kompyuta ya chekechea kwenye leso zake. Nahodha alikuwa yuleyule. Akaniuliza kama mtoto ameamka. Nikamwambia ameamka, na leo atasema.

Chekechea kilikuwa kimefagiliwa na kunyunyizwa maji. Khalati Zena alimweka mamake mbele, karibu na mlango penye upepo, akamrekebishia mto mgongoni. Watoto walikuwa wametulia kuliko siku zote, wale wakubwa wakiwabana wadogo. Walijua kwamba mgeni huyu hasemi. Hawakujua zaidi ya hapo.

Nikabonyeza "ito". Sauti ya Bibi ikajaa chumba. Nilikuwa nikimtazama yeye, si skrini. Aliinua kichwa upesi kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Watoto wakaitikia, "Ito!" Sauti ikasema, "Funga mato ulale," wakafunga macho wote, na upande wa uso wa Bibi ulio mzima ukacheka.

Tukaendelea. Ndia. Mai. Kwenye mtele, sauti ilipolalamika kwamba hauna harufu, Bibi akatikisa kichwa kukubaliana na nafsi yake. Kwenye Muungu akainua kidole cha shahada cha kushoto kidogo tu, akakishusha upesi. Kwenye Punda watoto walicheka mpaka mmoja akaanguka mkekani, na Khalati Zena akatazama pembeni.

Nilikuwa nimeiweka kadi ya Bibi mwisho. Nikaibonyeza.

"Bibi," sauti ikasema. "Mimi ndimi Bibi yenu. Ndooni munipe mkono."

Shajara, hakuna aliyewafundisha watoto lililofuata. Waliitikia "Bibi!" kama kawaida. Waliitazama kompyuta. Kisha mmoja wao, kisichana kidogo cha mbele, akageuza kichwa akamtazama bibi aliye kwenye kiti, na akasimama. Kwao mtu mzima akisema njooni mnipe mkono, unakwenda unambusu mkono. Ndivyo walivyolelewa, kama sisi. Hawakujali sauti imetoka wapi na mwili uko wapi. Wakasimama wote, wakajipanga mbele ya Bibi.

Mkono wake mzima ni wa kushoto. Nikauona ukianza kutoka chini ya buibui, nikafikiri atawapa huo, na nani angemlaumu. Lakini haukwenda kwa watoto. Ulikwenda mapajani, ukatafuta, ukaukamata mkono wa kulia, ule uliokufa, ukaanza kuuinua.

Bibi hajampa mtu mkono wa kushoto maisha yake.

Ulikuwa mzito. Ulianguka mara ya kwanza. Mimi nilishatoka kwenye kompyuta kwenda kumsaidia, lakini Khalati Zena alinitazama nikasimama. Kisichana kikangoja. Hakikunyoosha mikono kuuvuta, hakikuinama kuufuata ulipoangukia. Kilingoja kama unavyongoja mtu mzima amalize kusema. Na Bibi akauinua tena mkono wake wa kulia kwa mkono wake wa kushoto, akautoa mbele, akaushikilia hapo, na mtoto akaubusu.

Kisha wa pili. Kisha wote. Hakuushusha mpaka wa mwisho alipopita.

Mama alikuwa akilia waziwazi. Athmani alitoka nje akasema anatazama boti. Mimi nilikaa sakafuni, nikashukuru. Namshukuru Mola aliyeiacha sauti ile duniani kabla hajaichukua mdomoni. Namshukuru Khalati Zena kwa ukaidi wake wa herufi. Naishukuru hata ile mashine ya mtumba iliyokataa kunipa Bibi mpaka nimwite inavyopasa, maana bila ya kukataa kwake nisingejua kamwe nilikuwa nikimwita vipi.

Tumerudi. Athmani anafunga mizigo. Sauti zote nimeziweka kwenye simu yake zikafuatane na Bibi Mombasa, na nimezijaribu moja moja, wakubwa kwa wadogo, mpaka Punda.

Sasa hivi, kabla sijakaa kuandika, niliingia ndani kumfunika. Nikamwomba mkono. Niliona mkono wa kushoto unaanza safari yake, polepole, juu ya shuka, kuutafuta wa kulia. Wewe unanijua nilivyo, siwezi kungoja hata programu ifunguke. Mikono yangu ilitaka kumrahisishia.

Nikaikalia.

Ulimchukua muda. Ulipofika nikaubusu, na ulikuwa unanukia asumini.

Kesho asubuhi, gatini, nitamwomba tena, hata boti ikipiga honi, hata Athmani akinifokea kwamba tunachelewa. Nitangoja.